Sura ya Saba: Macho Yanayoogopa Mwanga

Inspekta Bernadeta Mkude hakupenda kesi iliyomfikia mezani ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa, na yeye akatakiwa kunawa mikono tu. Hii ilikuwa ya namna hiyo. Vifaa vimeibwa kwenye kituo cha utafiti kule mlimani, vifaa vimekutwa kwa Stambuli, muuza vyuma chakavu wa Mikese, mlinzi wa kituo amekamatwa, na mkuu wa kituo, Daktari Emmanuel Rwiza, amekuja na gari lake mwenyewe kuitambua mali. Kesho asubuhi mlinzi anapelekwa mahakamani.

"Funga jalada, mama," bosi wake alikuwa amemwambia. "Tuna mambo mengi."

"Nitalifunga, afande," alijibu Bernadeta. "Likishatosha."

Akachukua kofia yake, akashuka mahabusu.

Mansuri Pazi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viatu vyake visivyo na kamba amevipanga pembeni kama mtu aliyefika msikitini. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, na kwa sura tu ungejua ni wa milimani.

"Shikamoo, mzee Mansuri," alisema Bernadeta.

Koplo Maneno, aliyeshika funguo, alimgeukia bosi wake. Miaka yote ya upolisi hajawahi kusikia inspekta akimpa mahabusu shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kukusikiliza. Jumapili hukuwepo lindoni."

"Sikuwepo. Sijakataa tangu mwanzo. Mpwa wangu ni mwali, amewekwa ndani, na Jumapili ukoo ulikaa kikao cha kumtoa. Mjomba wake ni mimi. Kaka yangu tumeshamzika, hakuna mwingine. Nilimwomba Daktari ruhusa, akanipa."

"Daktari anasema hakukupa."

"Nimesikia."

"Sasa unasemaje?"

"Nisemeje, mwanangu? Yule ni daktari, mimi ni mlinzi. Wewe ungemwamini nani?"

Bernadeta alichuchumaa mbele yake. "Anatolewa lini?"

"Jumamosi hii. Mjomba ndiye anayemshika mkono mlangoni. Nisipokuwepo hatoki, atabaki mle gizani mpaka nirudi, na mkishanipeleka gerezani hakuna anayejua nitarudi lini." Mzee alivinyoosha viatu vyake pale pembeni. "Ana masomo yule. Amefaulu, anasubiriwa shuleni. Mimi mniite mwizi, sawa, lakini yule mtoto kawakosea nini?"

Bernadeta alizaliwa Matombo, akabatizwa misheni, akasomeshwa na masista. Lakini na yeye, kabla ya hayo masomo, alishikwa mkono mlangoni na mjomba wake, akatoka nje huku macho yakimuuma kwa jua na wanawake wakipiga vigelegele. Alijua mzee haongezi chumvi.

"Maneno," alisema wakipanda ngazi, "washa gari. Tunakwenda mlimani."

*

Landrova ya polisi ilipanda barabara ya Morningside ikilia kama mbuzi anayevutwa kamba. Kituo chenyewe kilikuwa banda refu la mabati kwenye ukingo wa msitu, ofisi mbili, na nyumba tatu za wafanyakazi. Wenyeji walikiita kwa Wapima Mbingu, na hawakukosea sana.

Aliyewapokea alikuwa Alois, fundi wa mitambo, kijana mwembamba mwenye koti la bluu lililopauka. Bernadeta alimwambia amweleze kila kitu kama anavyomweleza bibi yake.

"Bibi yangu hanielewi, afande."

"Mimi nitajitahidi."

Alois alicheka, hofu ikampungua. Ndani ya banda palikuwa na sahani kubwa za plastiki, pana kama milango, zimelazwa kwa tabaka mbili, moja juu na nyingine chini, zote zimefungwa karatasi nyeusi. Kila sahani ilikuwa na tundu mwishoni. Matundu yote yalikuwa matupu.

"Huko juu angani kuna chembe ndogondogo zinashuka usiku na mchana," alisema Alois. "Hata sasa hivi zinapita kwenye kofia yako."

"Mbona siumwi?"

"Haziumi. Ila ikipita kwenye sahani hii, plastiki inatoa mwanga. Kimulimuli anaushinda mara elfu. Sasa mwanga huo unaonwa na jicho." Alionyesha kwa mikono kitu cha ukubwa wa chupa ya soda. "Ni bomba la kioo, wazungu wana jina lake refu, sisi hapa tunaliita jicho. Yalikuwa kumi na mawili. Jicho la juu likiona na la chini likiona kwa pamoja, kompyuta inaandika tukio. Likiona moja peke yake, tunasema hiyo ni kelele, tunaitupa."

"Shahidi mmoja hamumtaki."

"Hatumtaki kabisa, afande."

Bernadeta alilipenda jibu hilo. Aliinama akachungulia tundu moja. "Na jicho lenyewe linaendeshwa na nini?"

"Umeme mkubwa sana, volti zaidi ya elfu. Ndiyo maana linaona hata hicho kimwanga. Na ndiyo maana linaogopa mwanga wa kawaida. Ukilifungua juani likiwa na umeme, limekufa papo hapo. Haliponi tena. Hata bila umeme, jua la muda mrefu linalidhuru." Alois aliyageukia matundu matupu. "Samahani, afande. Yale mliyoyapata Mikese yalikuwa yamefunikwa?"

"Yalikuwa kwenye kreti la bia, yamezungushiwa magazeti. Nje, uani kwa Stambuli."

Fundi alifumba macho. "Juani?"

"Juani."

"Naomba basi niyapime. Hata moja tu, nijue kama yanaona."

"Ni vielelezo, Alois. Hayaguswi mpaka kesi iishe."

"Yafunikeni basi hata na blanketi. Tafadhali."

Koplo Maneno alimvuta bosi wake kando. "Afande, huyu ana kibanda cha kutengeneza televisheni kule mjini. Siku hizi kila mtu ananunua televisheni. Bomba la kioo, umeme mkubwa, unaona yanavyofanana? Huyu ndiye aliyemtuma mzee."

"Nimeona kibanda chake nikipita. Tusiwe na haraka."

Kwenye chumba cha kompyuta alikuwepo Witness, dada aliyeandika programu zote za kituo, mwenye miwani minene na sweta la mtumba lenye jina la chuo cha Marekani ambacho hajawahi kukanyaga. Skrini mbele yake ilikuwa na maandishi ya kijani. Kabla hajaulizwa lolote, aliuliza yeye. "Yapo mazima?"

"Sijui," alisema Bernadeta. "Wewe niambie lingine. Mtambo ukinyamaza inakuwaje?"

"King'ora kinalia mpaka majumbani kwetu. Na Jumapili hakikulia. Kompyuta iliandika matukio siku nzima, tukaja Jumatatu tukakuta macho hayapo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, nikaamua kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

Witness alibonyeza vitufe. "Nimeiambia kompyuta igonge mara moja kwa kila tukio. Hii ni Jumamosi."

Kisanduku cha sauti kikaanza kugonga. Mlio mmoja, kimya, miwili ya harakaharaka, kimya kirefu, mmoja, mitatu, kimya. Bernadeta aliyajua hayo tangu utotoni. Ndivyo matone ya kwanza ya mvua yanavyogonga bati, kila tone na saa yake.

"Na hii ni Jumapili."

Mlio, mlio, mlio, mlio, kwa nafasi ileile. Haukukosea wala haukuchoka.

"Hilo ni bomba linavuja," alisema Bernadeta.

"Ndiyo hasa," Witness alisema, akageuka kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Chembe za angani hazijui kujipanga. Haya ni matukio ya kubuni. Tuna kifaa cha majaribio, kinatoa mapigo kama ya jicho ili tuipime kompyuta. Aliyeiba alikichomeka kwanza, kompyuta ikadhani macho bado yapo, ndipo akayachomoa kwa raha zake."

"Mzee Mansuri angeweza?"

"Mzee Mansuri hata kuzima skrini anaogopa, anasema isije ikamfia mikononi."

"Nani anaweza?"

"Mimi," alisema Witness bila kupepesa. "Alois. Na Daktari."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Hawakuniuliza. Walimwuliza Daktari."

Koplo Maneno aliangalia viatu vyake, maana ni yeye aliyekuja siku ile.

*

Daktari Emmanuel Rwiza aliwakaribisha ofisini kwake kwa chai ya maziwa na tabasamu. Shati lake lilikuwa limenyooshwa barabara, na mezani palikuwa na kadi mpya zenye jina lake na neno Mshauri.

"Nyakati zimebadilika, Inspekta," alisema akimimina chai. "Wafadhili wamejitoa, serikali nayo inasema kila mtu ajitegemee. Soko huria hilo. Mwezi ujao tunafunga."

"Pole sana."

"Ndiyo maisha. Mzee Mansuri namsikitikia, ila tamaa nayo, unajua tena. Kaona vitu vinang'aa, akafikiri ni vya thamani kwa wauza vyuma."

"Hukumpa ruhusa Jumapili?"

"Ningempaje ruhusa wakati mimi nilikuwa mjini? Jalada linafungwa lini?"

"Kesho anapelekwa mahakamani."

"Vizuri. Nitahitajika kuja kutambua tena vile vifaa?"

"Huenda."

"Hakuna shida. Nilishavitambua. Ni vyenyewe."

Bernadeta alikunywa chai yake mpaka mwisho, akashukuru, akatoka. Alipofika kwenye gari alikuwa anatabasamu, na Koplo Maneno akajua leo hawali mapema.

"Maneno, mtu akipotelewa na mtoto, ukaenda kumwambia mtoto kapatikana, anauliza nini?"

"Anauliza kama ni mzima."

"Alois kauliza. Witness kauliza hata salamu hajanipa. Huyu aliyeyaagiza hayo macho, akayalea, anauliza jalada linafungwa lini." Alipanda garini. "Twende kituoni. Nalitaka lile kreti."

"Kielelezo hakitoki bila sahihi ya bosi, afande."

"Bosi anataka jalada lifungwe. Atatia sahihi, wala usiwe na wasiwasi."

Na kweli bosi alitia sahihi, tena bila kuinua kichwa.

*

Alasiri wote walikuwa bandani. Bernadeta aliwapanga mwenyewe. Meza aliiweka karibu na mlango mkubwa, mlango ukiwa wazi, na jua linaloteremka likiingia mpaka katikati ya sakafu. Alois alimweka kwenye kigoda kando ya meza, Witness karibu na swichi ya umeme. Daktari alipewa kiti chenye mto, kama mgeni rasmi.

"Hakimu wetu ni mtu wa maswali," alisema Bernadeta. "Ataniuliza hiki ni kitu gani, kinafanyaje kazi, na mimi sitaki kujikanyaga. Alois, chukua moja humo kwenye kreti. Lifunge kitambaa cheusi, uliunganishe na umeme, kama siku zote."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta iache. Nataka jicho tu."

Alois alitoa jicho moja kwenye magazeti akiwa amelikinga kwa koti lake, kama mama anayemfunika mtoto mchanga upepo usimpige. Akalivisha kitambaa kizito cheusi, akachomeka waya. Witness alipandisha umeme taratibu, akisubiri kila hatua. Taa nyekundu ikawaka.

"Umeme umefika?" aliuliza Bernadeta.

"Umefika wote, afande," alisema Alois. "Sasa hapo hata kulitikisa hapana."

"Vizuri. Hebu nilione basi likifanya kazi."

Akakamata ncha ya kitambaa, akakivuta.

Alois aliruka juu ya meza. Kigoda kilienda upande wake, miwani ya Witness ikaenda upande wake, na kabla Koplo Maneno hajajua kinachotokea, fundi alikuwa amelala kifudifudi juu ya lile bomba la kioo amelikumbatia, na Witness amezima swichi kwa kiganja kizima.

"Mungu wangu, dada, umeliua," alisema Alois. Hata kumwita afande alisahau.

"Nisamehe, Alois. Nisamehe sana." Bernadeta alimsaidia kuinuka, akamwokotea Witness miwani yake. Kisha akageuka. "Daktari, mbona wewe hukuinuka?"

Daktari Emmanuel alikuwa amekaa vilevile kwenye mto wake, kalamu mkononi. "Niliona wenzangu wanatosha."

"Hukushtuka."

"Mimi si mtu wa kushtukashtuka, Inspekta."

"Sikusema uruke. Hata kope haikucheza, na nilikuwa nakutazama wewe tu, kitambaa nilikivuta kwa kupapasa." Sauti yake haikupanda. "Hawa wawili wameruka kwa sababu wanaamini hili jicho ni zima. Wewe umekaa kwa sababu unajua limekufa. Sasa mtu ajuaye kwamba limekufa, na hakuna aliyelipima tangu litoke Mikese, kajulia wapi?"

Alois, ambaye alikuwa bado amelishika jicho lile, alianza kulichunguza kwa mwanga. Alikwangua kidogo mkanda mweusi kwenye shingo ya bomba.

"Afande," alisema polepole. "Hili si la kwenye sahani. Hili liliungua na radi, mwaka juzi wakati wa masika. Mkanda huu niliufunga mimi. Lilikuwa chumba cha maiti."

"Chumba cha maiti?"

"Stoo ya macho yaliyokufa. Ndivyo tunavyopaita."

"Ufunguo wa hiyo stoo anao nani?"

Alois na Witness waligeuka kutazama mkanda wa Daktari, mahali alipozoea kuning'iniza funguo zake.

"Hebu tufungulie, Daktari," alisema Bernadeta. "Nataka kuona maiti wako kama wamelala."

Stoo ilikuwa nyuma ya banda. Daktari alifungua mwenyewe, bila kubabaika, lazima tumpe sifa yake. Rafu zilikuwa zimefagiwa. Vumbi lilikuwa limeacha miduara midogo safi mahali vitu vya ukubwa wa chupa ya soda vilipokaa muda mrefu.

"Sasa nimekuelewa," alisema Bernadeta. "Ungeiba tu, tungetafuta, na tungetafuta mpaka Dar. Polisi wakishapata mali wanafunga jalada, hilo unalijua. Basi ukatuletea mali, haya yaliyokufa. Ukatuletea na mwizi. Mazima yako wapi?"

Daktari aliuegemea mlango. Alifikiri kidogo, na Bernadeta alimwacha afikiri, maana mtu mwenye akili ukimwacha anajihesabia mwenyewe kwamba ameshindwa.

"Kuna watu wa Dar wana kampuni mpya ya vipimo vya hospitali," alisema mwishowe. "Mashine yao inahitaji macho ya aina hii. Hapa yangeota ukungu, Inspekta. Kituo kinakufa. Kule yangeona wagonjwa. Ningeandika barua wizarani ningejibiwa nikiwa nimestaafu."

"Na Mansuri?"

"Ushahidi wenyewe si mzito. Baada ya muda wangemwachia."

Hapo Bernadeta alikasirika, na hakujaribu kuficha. Alimsogelea mpaka Daktari akalazimika kuachia mlango. "Baada ya muda. Kuna mtoto wa kike ameketi ndani ya nyumba, anasubiri mjomba wake aje amshike mkono atoke nje kwenye mwanga. Wewe ungekuwa unakunywa chai. Nakuuliza mara moja tu, mbele ya hawa. Jumapili ulimpa ruhusa au hukumpa?"

Daktari alimtazama Alois, kisha Witness. Wote wawili walikuwa wanamtazama.

"Nilimpa," alisema.

"Maneno, umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Mfunge pingu. Mbele, asiumie." Wakati wakishuka kwenda kwenye gari, Koplo Maneno alimnong'oneza: "Afande, na kama lile jicho lingekuwa zima?"

"Alois nilimweka karibu kwa nini?"

*

Kwenye kaunta ya polisi, Asha, dada yake Mansuri na mama wa yule mwali, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi na kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyempokea. Alipomwona kaka yake anatoka mahabusu na viatu mkononi, aliinuka akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mzee Mansuri, umeachiwa," alisema Bernadeta. "Hakuna mashtaka. Na mimi kwa niaba ya hawa wenzangu naomba radhi."

"Nimeshukuru, mwanangu."

Wakati huo Daktari alikuwa anaingizwa kwa mlango uleule. Kaunta ya kituo cha Morogoro ni nyembamba. Hapakuwa na njia ila wapishane kifua kwa kifua. Bernadeta alijiandaa kuingilia kati. Amekwisha kuona wazee wapole wakibadilika mahali kama hapo.

Mansuri alisimama tu, akamtazama Daktari kwa utulivu, kisha akamgeukia dada yake.

"Asha, ile sukari ya Jumapili mmeshaifungua?"

"Bado. Tumeiweka ya Jumamosi."

"Sukari gani?" aliuliza Bernadeta.

"Daktari aliponipa ruhusa alinipa na sukari," alisema Mansuri. "Mfuko mzima. Akasema, mpelekee mwali, mwambie namtakia heri."

Bernadeta alimsogelea. "Mzee wangu, mbona hukuniambia asubuhi? Hiyo peke yake ingekutoa humo ndani."

"Ilikuwa ya mtoto. Ningeitaja mngekuja kuichukua kielelezo, na kitu kilichoingia nyumba ya mwali hakitolewi kabla yeye mwenyewe hajatoka." Aliinama, akavaa viatu vyake visivyo na kamba, akachukua muda wake. "Basi niliona bora nilale humu. Yule aliyenipa nilimwona ni mtu."

Akachukua kikapu mkononi mwa dada yake, akamwelekea Daktari.

"Mtoto wetu anatoka Jumamosi, Daktari. Tutakunywa chai bila sukari. Sukari yako utaletewa hapahapa, siku hiyohiyo, haijafunguliwa."

Alitangulia nje, Asha akimfuata nyuma. Daktari Emmanuel alibaki ameelekea mlango walikopitia, na Koplo Maneno ilibidi amwulize jina lake mara tatu kabla hajalisema.